Senti ghali kuliko thamani yake: kubadili madini, kufuta sarafu au kugeuza noti?

Tarehe 12 Novemba 2025, kiwanda cha sarafu cha Philadelphia kilitoa senti moja za mwisho za matumizi ya kawaida nchini Marekani. Sarafu hiyo ilianza kutengenezwa mwaka 1793. Ilivuka vita, mdororo wa uchumi na marais zaidi ya arobaini, ikaja kuangushwa na hesabu ya darasa la nne. Hizi ni gharama za kutengeneza na kusambaza sarafu moja katika mwaka wa fedha 2024, kwa senti za Marekani:

| Sarafu | Gharama |
|---|---|
| Senti 1 | 3.69 |
| Senti 5 | 13.78 |
| Senti 10 | 5.76 |
| Senti 25 | 14.68 |

Senti 10 na 25 ziliiingizia hazina faida, ila senti 1 na 5 ziliitafuna. Kwa senti 1 peke yake, mwaka huo zilitoka zaidi ya bilioni 3, na hasara ikafika kama dola milioni 85. Februari 2025 Rais Trump akaagiza zisitengenezwe tena.

Nchi kadhaa zilipita hapo mapema kuliko Marekani, na nyingine zinakaribia, za kwetu zikiwamo. Njia za kupunguza mzigo huu ni tatu, na kuna ya nne ambayo watu hupenda kuitaja bila kuipigia hesabu. Kabla ya kuzilinganisha niseme kipimo changu, maana mabishano mengi huharibikia hapo.

Utasikia kwamba sarafu inayogharimu kuliko thamani yake ni upuuzi mtupu. Si lazima. Sarafu hailiwi ikaisha. Ikikaa mtaani miaka 20, ikitoka kwa konda kwenda kwa muuza maji, kwa mama ntilie, kwa duka la jumla, benki na kurudi tena, gharama yake inagawanyika kwa maelfu ya malipo. Ugonjwa wa senti moja ya Marekani haukuwa bei ya zinki peke yake. Ilikuwa sarafu ya safari moja: benki, droo ya muuzaji, mfuko wa mteja, kisha kibubu. Muuzaji akiishiwa, benki inaagiza nyingine mpya. Kwa hiyo swali ninaloliuliza kila njia ni hili: tukishalipa gharama, fedha hiyo itazunguka?

Kubadili madini

Hii ndiyo njia inayopendwa na watu wa benki kuu, kwa sababu mwananchi haioni. Chukua sumaku uiguse penny ya Uingereza ya mwaka 1985: hakuna kitu, kwa sababu karibu yote ni shaba. Jaribu ya mwaka 1995: inaruka na kung'ang'ania. Tangu 1992 ndani ni chuma, nje ni ngozi nyembamba ya shaba. Rangi ni ile ile, Malkia ni yule yule, na kwa macho huwezi kuzitofautisha. Mwaka 2012 Waingereza waliendelea na peni 5 na peni 10, safari hii chuma kikapakwa nikeli. Kanada nayo, mwaka huo huo, ikahamishia dola 1 na dola 2 kwenye chuma cha kupakwa, ikitarajia kuokoa kama dola zake milioni 15 kwa mwaka.

Faida yake kubwa ni kuikinga hazina dhidi ya soko la madini. Machi 2022, bei ya nikeli katika soko la London ilipaa kwa muda ikapita dola 100,000 kwa tani. Senti 5 ya Marekani ni shaba asilimia 75 na nikeli asilimia 25, kwa hiyo kila soko linapochafuka, sarafu hiyo inaugua.

Njia hii ina kasoro zake, na ya kwanza hailipwi na anayetengeneza sarafu. Mashine za kuuza soda, za kuegesha magari na za kuhesabu fedha huitambua sarafu kwa uzito, unene na jinsi inavyopitisha umeme. Peni 5 na 10 za chuma zilikuwa nene kidogo kuliko za zamani, na wenye mashine wakalazimika kuzirekebisha kwa fedha zao. Hapa Afrika Mashariki mzigo huo ni mdogo sana. Mashine yetu ni macho ya konda.

Kasoro ya pili ni hali ya hewa, na ushahidi wake tunao hapa nyumbani. Mwaka 1907 serikali ya kikoloni ya Waingereza ilileta Kenya na Uganda sarafu ya senti moja ya aluminiamu, miongoni mwa sarafu za kwanza duniani za madini hayo kutumika mitaani. Kwenye karatasi ilikuwa sahihi kabisa: nyepesi, rahisi, haina kutu ya chuma. Unyevu na joto la huku vikaila, na kufikia 1909 walikuwa wamehamia mchanganyiko wa shaba na nikeli. Walichokihifadhi ni tundu la katikati. Tundu liliokoa madini, likamwezesha asiyejua kusoma kuitambua sarafu kwa kidole, na likaruhusu watu kuzitunga kwenye kamba. Senti za tundu ziliendelea kutumika Afrika Mashariki hadi baada ya uhuru, na sijaona ubunifu wa kupunguza gharama ulio rahisi kuliko ule. (Madini yakikosekana kabisa watu hutumia chochote kilichopo: mwaka 1916, Wajerumani wakiwa wamezingirwa na vita, walitengenezea heller, sarafu yao ndogo, huko Tabora kwa shaba ya maganda ya risasi na mizinga.)

Kasoro ya tatu ndiyo inayoua. Madini ni sehemu tu ya gharama. Marekani iliibadilisha senti moja mwaka 1982, kutoka shaba asilimia 95 hadi zinki asilimia 97.5 yenye ganda la shaba. Nafuu hiyo ilidumu hadi 2006, gharama ilipopita senti moja. Mwaka huo huo serikali ikapiga marufuku kuyeyusha senti 1 na senti 5, kwa hofu kwamba watu wangeuza chuma chakavu chenye picha ya Lincoln na Jefferson. Baadaye kiwanda cha sarafu kilipima madini mbalimbali na kutoa ripoti: hakuna hata moja lingeishusha gharama ya senti moja chini ya senti moja. Mishahara, mashine na malori vinagharimu hata kama madini ungepewa bure.

Kubadili madini, basi, kunaifaa sarafu ambayo bado inafanya kazi. Sarafu iliyokwisha kufa, unainunulia tu sanda ya bei nafuu.

Kufuta sarafu na kusogeza jumla

Kanada ndiyo mfano ninaoupenda, kwa sababu walifanya polepole na kwa maelezo. Senti yao iligharimu senti 1.6. Bajeti ya Machi 2012 ikatangaza mwisho wake, ya mwisho ikatengenezwa Winnipeg tarehe 4 Mei 2012, na usambazaji ukakoma tarehe 4 Februari 2013. Serikali ilikadiria kuokoa dola milioni 11 kwa mwaka. Hakuna aliyepoteza akiba yake, kwani zilizomo kwenye vibubu bado ni fedha halali hadi leo.

Utaratibu wenyewe ni mwepesi. Unajumlisha kikapu chote, pamoja na kodi. Mteja akilipa kwa kadi au simu, analipa kama ilivyo. Akilipa taslimu, jumla inasogezwa hadi 5 iliyo karibu: kikapu cha 9.97 kinalipwa 9.95, cha 9.98 kinalipwa 10.00. Bei ya bidhaa moja moja haiguswi.

Hofu ya kila mtu ni kwamba wafanyabiashara watasogeza juu tu. Kwa Kanada hofu hiyo haina nguvu, kwa sababu kodi ya mauzo huongezwa kwenye droo, na tarakimu ya mwisho ya jumla haimtii mtu. Kwetu ni tofauti kidogo. VAT imeshaingizwa kwenye bei ya rafuni, kwa hiyo mwenye duka ndiye anayechagua bei iishie wapi, na mteja anayenunua kitu kimoja anaweza kukutwa upande mbaya kila siku. Ulaya nako kodi imo ndani ya bei, na bado Finland imeishi bila senti 1 na 2 za euro tangu 2002, Uholanzi ikafuata 2004, Ireland 2015, Ubelgiji 2019. Kwa hiyo inawezekana. Sharti ni kanuni iliyoandikwa.

New Zealand walikwenda mbali zaidi, na ndio waliochanganya njia mbili kwa pigo moja. Senti 1 na 2 walikuwa wamezifuta 1990. Mwaka 2006 wakafuta senti 5 na papo hapo wakazipunguza ukubwa senti 10, 20 na 50 na kuzihamishia kwenye chuma cha kupakwa. Mpya zilianza Julai 31, na kufikia Novemba 1 za zamani hazikuwa tena fedha halali. Miezi mitatu! Kwa nchi yenye visiwa viwili vikubwa na benki kila mji, sawa. Kwa mama wa Kigoma vijijini au Turkana aliyehifadhi chake kwenye kopo, hiyo ni kumnyang'anya.

Sasa linganisha na Marekani, ambako uamuzi ulitangulia sheria. Senti zilipoanza kuadimika hakukuwa na kanuni ya taifa ya kusogeza jumla. Baadhi ya maduka yakaamua kusogeza chini siku zote, yaani hasara iwe yao, kwa kuogopa kesi. Mpango wa serikali wa msaada wa chakula nao unakataza mnufaika kutozwa bei tofauti na mteja mwingine, na yeye hulipa kwa kadi. Ukimsogezea chini mwenye taslimu, je, mwenye kadi umemwonea? Mambo kama hayo Kanada waliyajibu kabla ya siku ya kwanza.

Kuna hoja nyingine ya Wamarekani inayostahili kupigiwa hesabu: kwamba senti 1 ikitoweka, senti 5 zitahitajika zaidi, nazo ni ghali kupita kiasi. Kila senti 5 inapoteza 8.78, kila senti 1 ilipoteza 2.69. Ili hasara ya senti 5 imeze akiba yote ya dola milioni 85, ingebidi zitolewe kama milioni 970 zaidi kwa mwaka. Mwaka 2024, hasara ya senti 5 ilikuwa dola milioni 17.7, maana yake zilitoka kama milioni 200 tu. Zingehitaji kuongezeka karibu mara tano juu ya zilizokuwapo. Sidhani kama itafika huko. Lakini usisahau kwamba sehemu ya ile 3.69 ilikuwa umeme, ulinzi na usimamizi wa kiwanda, na hivyo haviondoki na senti. Vinahamia kwenye sarafu zilizobaki. Akiba halisi ni ndogo kuliko inayotangazwa.

Huku kwetu kufuta sarafu kumeshafanyika, ila bila tangazo wala kanuni. Shilingi 5, 10 na 20 za Tanzania hazionekani tena dukani. Senti 50 ya Kenya mtoto wa leo haijui. Mfumuko wa bei ulizifuta, na pengo likajazwa na pipi, jojo na njiti za kiberiti. "Chenji sina, chukua pipi mbili." Hiyo nayo ni kusogeza jumla, ila daima inasogea upande wa duka, na pipi zile ukizirudisha kesho kulipia sukari hazipokelewi. Kati ya aina zote za kufuta sarafu, hii ya kimyakimya ndiyo mbaya kuliko zote.

Kugeuza noti kuwa sarafu

Hapa tatizo limegeuka. Noti ndogo ni rahisi kuitengeneza, lakini haiishi. Shilingi 500 ya Tanzania ni mfano mzuri. Jero ndiyo iliyokuwa ikishikwa na kila mkono: ya jasho, ya samaki, ya mkaa, imekunjwa mara nane ndani ya kanga. Mwaka 2014 Benki Kuu ikatoa sarafu ya 500 yenye sura ya Karume na nyati, kwa hoja kwamba noti inachakaa upesi ilhali sarafu inaweza kukaa zaidi ya miaka 20. Walalamikaji walikuwapo, kwamba inatoboa mifuko na kupotea. Lakini inazunguka kwelikweli, na kwa kipimo changu hiyo inatosha. Noti yenyewe ilikuja kuondolewa rasmi pamoja na noti nyingine za zamani, katika zoezi la Januari 6 hadi Aprili 5, 2025.

Ukitaka kuona ukosefu wa chenji unavyotibiwa au kuzidishwa, tazama Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Sarafu hazitumiki kabisa. Noti ndogo za franka huchakaa hadi namba hazisomeki, na dola zinashika malipo makubwa. Zambia kwa upande wake ilijaribu noti za plastiki mapema: mwaka 2003 ilitoa kwacha 500 na 1,000 za plastiki. Kisha Januari 2013 ikaondoa sifuri tatu kwenye kwacha na kurudisha sarafu: ngwee 5, 10, 50 na kwacha 1. Plastiki huishi muda mrefu kuliko karatasi ya pamba na haishiki uchafu sana, ila bei yake ya mwanzo iko juu, na kwa thamani za chini kabisa bado chuma kinaishinda kwa umri.

Je, kugeuza noti kuna faida kila mara? Hapana, na Marekani wana somo zuri. Mwaka 2011, GAO, ofisi ya ukaguzi inayolitumikia Bunge lao, ilikadiria kwamba kuacha noti ya dola 1 na kutumia sarafu kungeokoa dola bilioni 5.5 kwa miaka 30. Mwaka 2019 ofisi hiyo hiyo ikapiga hesabu upya, na jibu likageuka kuwa hasara. Kilichobadilika ni umri wa noti: kutoka miaka 3.3 hadi 7.9, kwa sababu mashine za kuchambua noti ziliboreshwa na watu wakapunguza kulipa taslimu. Noti inayoishi karibu miaka minane haina haja ya kuuawa.

Wamarekani pia hawakuwahi kuiondoa noti ya dola. Waliweka sarafu pembeni yake na kutumaini watu watachagua. Watu walichagua noti, na Desemba 2011 utengenezaji wa sarafu ya dola kwa matumizi ya kawaida ukasimamishwa huku ghala zikiwa na zaidi ya bilioni moja zisizotakiwa. Kanada ilileta sarafu ya dola 1987 kisha ikaiondoa noti, na hakuna aliyepata nafasi ya kuchagua. Ukileta sarafu, noti yake ipewe tarehe ya kuondoka.

"Tulipe kwa simu tu"

Hii ndiyo ya nne. M-Pesa ilianza Kenya 2007, na leo hata muuza mahindi ya kuchoma ana namba ya kulipia. Inapunguza kweli hitaji la sarafu. Lakini malipo ya simu nayo yana gharama, isipokuwa inalipwa na mwingine: mteja kwa makato, muuzaji kwa ada, au wote kwa tozo, kama Watanzania walivyoonja Julai 2021. Kwa mtu anayenunua chumvi ya shilingi 200, makato ya shilingi kadhaa ni makubwa kuliko hasara ya pipi. Simu ni mwenzake sarafu. Haijawa mbadala wake.

Afadhali kuwekeza katika kuzirudisha sarafu zilizolala. Marekani ilipopata uhaba wa chenji mwaka 2020 wakati wa korona, sarafu hazikuwa zimepotea. Zilikuwa majumbani, na maduka yalikuwa yamefungwa. Benki ikizipokea bila foleni ya saa mbili na bila ada, zitatoka kwenye vibubu. Kwa Kenya na Tanzania, ambazo hazina kiwanda cha kutengeneza sarafu na hulipa kwa fedha za kigeni, kila kopo linalorudi benki ni agizo la ng'ambo lisilohitajika.

Ningechagua ipi?

Kwa senti 5 ya Marekani: chuma cha kupakwa kwanza, kuifuta baadaye. Sarafu hiyo bado ina kazi kwa kuwa ndiyo ngazi ya chini ya kusogezea jumla.

Kwa shilingi 1 ya Kenya ningeiacha, ingawa kwa soko la fedha thamani yake iko chini ya senti moja ya Marekani iliyofutwa. Wengi huishia kwenye ulinganisho huo na kusema nayo ifutwe. Wanasahau kwamba sarafu hupimwa kwa kinachonunuliwa nayo hapo ilipo, na kwa mtu wa kipato cha siku, hata shilingi mbili za kusogezwa kila kikapu si mchezo. Senti 50, hiyo ifutwe kwa sheria, ili bei zenye .50 nazo zikome.

Kwa shilingi 50 ya Tanzania ningeanza na wanaopanga nauli kabla ya kwenda Benki Kuu. Nauli ya daladala ya masafa mafupi ilipopanda kutoka 500 hadi 600 mwishoni mwa 2023, jero peke yake haikutosha tena, na mia ikawa lulu. Nauli zikipangwa kwa mamia, hamsini inakosa kazi. Zikirudi kwenye 550 na 650, inahitajika tena kwa mamilioni. Nauli zikibaki kwenye mamia, ningeifuta kwa mtindo wa Kanada: notisi ya mwaka mzima, akiba ya kila mtu ipokelewe benki bila kikomo cha karibu, na karatasi moja ibandikwe kando ya droo ya kila duka: jumla tu ndiyo inayosogezwa, kwa taslimu tu, chini ya 25 inashuka, 25 hadi 74 inakuwa 50 kwa wenye sarafu hiyo hadi siku ya mwisho, na baada ya siku hiyo chini ya 50 inashuka na 50 kwenda juu inapanda. Chini kabisa iwekwe namba ya simu ya bure, kwa atakayeona kwamba dukani kwake jumla hupanda kila siku na haijawahi kushuka.